Nani Atamuuliza Corinne

Benchi lililo kando ya jiko la kuni dukani kwangu halinipatii faida yoyote, na bado kila jioni nikifunga mlango namshukuru Mungu kuwa lipo. Wanaolikalia ni watatu. Yupo Alden, mwalimu wa historia aliyestaafu, tunamwita Seneta kwa kuwa hawezi kuomba sukari bila utangulizi. Yupo Hester, dereva wa basi la shule, tunamwita Redio; anasikiliza habari kutwa nzima kwenye usukani, kisha anakuja kutusomea zote upya. Na yupo Hollis, mfugaji wa ng'ombe, tunayemwita Kanali kwa sababu enzi za Vietnam alikuwa jeshini akimenya viazi kambini Texas na hakupanda cheo hata kimoja. Mimi wananiita Spika, maana duka ni langu na nikisema mtu anyamaze, ananyamaza. Siku ninayoisimulia ilikuwa Jumatatu ya mwisho ya Februari 2005, theluji imeanza kugeuka matope, na kesho yake ulikuwa mkutano wa mji. Hapa kwetu Vermont, kila Machi, wakazi hujaa ukumbini na kupiga kura kwa kunyoosha mikono: greda jipya, ada ya mbwa, paa la shule. Mwaka ule, chini kabisa baada ya mbwa, Seneta alikuwa amechomeka azimio la kuitaka serikali iturudishie askari wetu wa akiba kutoka Iraki. Askari wetu kule alikuwa mmoja tu, Darrow Pelkey, dereva wa gari la kijiji la kuondoa theluji na mfukia mashimo ya barabara.

– Nawasomea tena, alisema Seneta akivaa miwani. "Sisi wakazi wa Calder Gore, tukiwa tumetafakari kwa kina..."

– Hapo hapo, alidakia Kanali. Nani ametafakari kwa kina? Mimi nimekamua ng'ombe.

– Ni lugha ya maazimio, Hollis.

– Basi andika kwa lugha ya watu. Halafu nieleze, kijiji kilichoshindwa kufukia shimo la mbele ya kanisa tangu Krismasi, leo kinamfundisha Rais kazi?

– Ndiyo hoja yangu yenyewe. Mfukia mashimo wetu wamempeleka jangwani.

Redio alicheka mpaka kahawa ikampalia.

– Hapo kakupata, Kanali.

– Hajanipata. Kanigusa tu.

Kilichowakwamisha kilikuwa aya ya tatu, yenye jina la Darrow. Seneta alishikilia kwamba bila jina azimio litakuwa maneno matupu, na ukumbi utalipitisha huku ukitafuta makoti yake. Lakini jina lina mwenyewe, na mwenyewe hayupo. Aliyepo ni mkewe, Corinne, muuguzi, anayekaa nyumba ya tatu kutoka dukani. Hakuna aliyekuwa amemuuliza kama anataka jina la mumewe lisomwe mbele ya watu.

– Si umuulize tu? Redio alimwambia Seneta.

– Jumamosi nilimkuta posta. Nilikuwa nimejiandaa kabisa. Nikamuuliza hali ya hewa.

– Hali ya hewa?

– Akasema ni baridi.

– Nyie wanaume ni wa hovyo, jamani. Mimi ningeshamuuliza zamani.

– Wewe? alisema Kanali. Unasimama mlangoni kwake kila asubuhi kumchukua mwanawe. Tangu Darrow aondoke Oktoba umemwambia nini?

Redio aliizungusha kahawa yake kikombeni.

– Nampungia mkono.

Ilikuwa rahisi zaidi kwenda Baghdad kuliko nyumba ya tatu, kwa hiyo wakaenda Baghdad kwa maneno.

– Mimi nawaambia ni mafuta, alianza Redio. Tangu mwanzo ni mafuta.

– Kama ni mafuta, mbona dizeli ya trekta langu inapanda bei? Mwizi gani huyu, anaiba halafu anakuja kununua dukani?

– Ni uchaguzi, alisema Seneta. Watu huogopa kumwondoa kiongozi katikati ya vita. Na sisi tunaojiita waliberali tusijifanye malaika. Wengi wa wakubwa wetu kule Bungeni walinyoosha mikono kuikubali vita kwa kuogopa kuitwa waoga.

– Andika hilo.

– Haliwezi kuingia kwenye azimio, Hollis. Tutakosa kura za chama changu.

– Mnakosa picha kubwa, alisema Redio akisogea mbele. Kwa nini wamechukua askari wa akiba wa Vermont? Ni ili tusijitenge na Marekani. Fikirini. Ukitaka kujitenga unahitaji jeshi. Jeshi letu liko wapi?

– Na nani anataka kujitenga?

– Binamu yangu. Na wenzake wa klabu ya kuteleza kwenye barafu.

Kanali alitikisa kichwa taratibu, kwa huruma ya mtu anayejua zaidi.

– Hebu chungulieni nje. Kila gari limebandikwa nini nyuma? Utepe wa njano wa sumaku, "Tuwaunge Mkono Askari Wetu." Sasa ubandue, ugeuze, usome umetengenezwa wapi. China. Kuna bwana mmoja kule ana kiwanda cha sumaku, biashara imelala, anajiuliza, Wamarekani watanunua sumaku lini? Wakiwa vitani. Mengine malizieni wenyewe.

– Hollis, alisema Seneta, pikapu yako ina sumaku mbili.

– Unadhani nimesoma wapi?

Nilicheka hadi nikaegemea kaunta. Kisha nikagonga kijiko kwenye kikombe.

– Spika anasema hivi. China tumeikomesha. Nani anakwenda kwa Corinne?

Kengele ya mlango ikalia, akaingia Corinne.

Alikuwa amevaa sare ya hospitali, na juu yake koti la kazi la Darrow lililomzidi mabega. Redio alianza kuichunguza donati yake. Seneta aliikunja karatasi na kuitia mfukoni. Kanali alivua kofia kama yuko kanisani. Nami, Spika mzima, nikamuuliza kama barabara inateleza.

– Kidogo, alisema.

Alichukua maziwa kwenye friji, akachukua betri. Duka lilikuwa kimya, unasikia kuni zikipasuka ndani ya jiko. Alifika katikati ya duka akasimama.

– Kwa nini mmenyamaza?

Redio aliigeuza donati upande wa pili.

– Nimewasikia tangu barabarani. Hollis anapiga kelele China, nyie wengine mnacheka. Nimefungua mlango, kimya. Nawauliza tu, kwa nini?

Seneta, ambaye amezungumza kwenye kila mkutano wa mji tangu nikiwa binti, alianza kuifuta miwani yake.

– Tulikuwa tumeshamaliza, alisema Redio.

– Nyie? Nyie hamjawahi kumaliza.

– Hatukutaka kukuumiza, mama, nilimwambia.

– Najua. Wote hamtaki. Kazini nikiingia chumba cha chai wanazima televisheni. Kanisani wananishika bega na kuondoka. Nikisema neno lolote, naambiwa niko sahihi. Jumapili nilimwambia mama mmoja viazi vyake vina chumvi nyingi. Akaniomba radhi, karibu alie. Havikuwa na chumvi hata chembe. Nilitaka nione tu kama kuna mtu bado anaweza kugombana na mimi.

Niliona aibu, nawaambia ukweli, maana mwezi mzima nilikuwa nikimfungia bidhaa zake harakaharaka ili aondoke kabla sijakosea neno.

Seneta aliitoa karatasi mfukoni.

– Corinne, ni azimio la kesho. Kuna jina la Darrow. Ilitupasa tukuulize kwanza.

Alilisoma amesimama, maziwa yamebanwa kwapani.

– Jina liacheni hapo hapo lilipo. Angetaka litajwe, na kama hataki atanigombeza mimi akirudi. Lakini hii aya ya pili ni nini? "Taarifa ambazo baadaye zilibainika kutokuwa kamilifu." Alden, walituambia kuna silaha. Hakuna silaha. Andika tulidanganywa. Mume wangu yuko kule kwa uongo, na hutaki kuliandika neno lenyewe.

– Uko sahihi, alisema Seneta akitafuta kalamu. Sahihi kabisa.

– Uko sahihi, mpenzi, alisema Redio.

Mimi nami nikaitikia kwa kichwa. Na nikauona uso wa Corinne, uliokuwa umeanza kupata rangi, ukirudi kuwa wa mtu anayesubiri zamu yake hospitali.

Kanali alivaa kofia yake.

– Hapo umekosea.

Redio alimpiga teke.

– Usinipige teke. Amekosea. Anayedanganywa ni mtu asiyejua. Kabla ya vita mimi nilikuwa nimekaa hapa hapa, Redio akaniambia wakaguzi wa silaha wamezunguka Iraki nzima hawajaona kitu. Nikamwambia azime hilo dude lake. Nilitaka kuamini, Corinne. Na Darrow alikuwa amesimama pale kwenye rafu ya misumari, akasema kama mimi. Uongo ulikuwepo, sibishi, na waliousema wana dhambi yao. Lakini tuliupokea kwa mikono miwili, tukaukaribisha kahawa. Mbona hilo kwenye karatasi silioni?

Nilikuwa nimeshashika fagio ili nimtoe. Corinne aliweka maziwa chini, juu ya sakafu, polepole.

– Darrow alisema vile kwa sababu ulikuwa umekaa hapo, Hollis. Hakutaka umwone mnyonge. Nyumbani alikuwa halali.

– Hilo sikulijua.

– Ungelijuaje? Hukuuliza.

– Sawa. Sikuuliza. Na bado umekosea.

– Aliyekosea ni wewe. Aliyedanganywa akataka kudanganywa, bado kadanganywa. Mwenye uongo haponi kwa sababu wewe uliupenda. Sogea nikae.

Kanali alisogea. Corinne alikaa, akajifuta macho kwa mkono wa koti lile kubwa, kisha akamshika Kanali kiganja.

– Asante, Hollis. Tangu aondoke, wewe ni mtu wa kwanza kunibishia.

Kanali hajazoea kushukuriwa. Alisema jambo fulani kuhusu ndama, hakuna aliyelielewa, na hakuvuta mkono wake. Redio alikuwa analia waziwazi juu ya donati. Mimi nilipitisha kitambaa mahali pamoja pa kaunta mara nyingi kuliko palivyohitaji, nikimshukuru Mungu kwa watu wenye vichwa vigumu.

– Kwa hiyo naandika nini? aliuliza Seneta. Tulidanganywa, au tulitaka kuamini?

– Tulidanganywa, alisema Corinne.

– Tulitaka kuamini, alisema Kanali.

– Yote mawili, alisema Redio.

– Yote mawili hayakai kwenye sentensi moja.

– Alden, umefundisha historia miaka yote hiyo na hujui kwamba yanakaa? Corinne alimnyang'anya kalamu. Lete hapa.

– Unaharibu aya yangu.

– Ilikuja imeharibika.

Kahawa iliisha na hakuna aliyenitazama. Redio alimwambia Corinne apunguze sauti, wanasikika hadi kanisani, na Corinne akaipandisha. Seneta alimwambia neno alilolichagua ni kali mno. Kanali alimwambia si kali vya kutosha, na tena lipo mahali pasipo pake. Nilikwenda kuchota maji ya birika la pili, na nyuma yangu wote wanne walikuwa wakisema kwa pamoja, kila mmoja akimwambia mwenzake kwamba amekosea.