Mama Sahani na Mboji Aliyotugawia

Ndugu, jamaa na majirani, marehemu aliagiza wasifu huu usomwe na mdogo wake wa kiume, ndiye huyu aliyesimama mbele yenu. Alisema, "Yule hatanipamba." Basi hatapamba.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 katika chumba cha nyuma cha duka la fundi cherehani, baba yetu, akiwa wa kwanza kati ya watoto wawili. Alikuwa mdadisi tangu utotoni. Akiosha vyombo humuuliza mama, "Maji haya yakimwagwa yanakwenda wapi?" Mama humjibu, "Yanakwenda kukungojea na sufuria iliyobaki." Mdogo wake alicheka sana, maana yeye hakuwa akiosha kitu.

Alianza shule mwaka 1968, akaendelea hadi chuo cha ufundi alikosomea umekanika, msichana peke yake darasani. Mwaka 1982 aliajiriwa katika karakana ya kiwanda cha sukari. Huko alikutana na dereva wa trekta, wakafunga ndoa tarehe 7 Desemba 1985 na kujaliwa mabinti wawili. Shemeji yetu husema trekta lake liliharibika mara nne mwezi ule wa uchumba, na mara tatu aliliharibu mwenyewe.

Miaka ishirini na saba aliyatazama makapi ya miwa yakichomwa bure. Mwaka 2009 akafungua karakana yake ya kutengeneza sahani za makapi hayo, zile za kutumia mara moja, zinazooza. Ndipo alipoitwa Mama Sahani. Tatizo lilikuwa mafuta: ukipakua mchuzi, meza inalowa. Mdogo wake, aliyekuwa mnunuzi wa malighafi, akaleta pipa la dawa ya kuzuia mafuta yasipenye. Ikachanganywa kwenye uji wa makapi, na mchuzi ukatulia tuli.

"Na dawa yenyewe inaoza?" marehemu aliuliza.

"Inaoza, dada."

Mdogo wake hakuwa na hakika. Muuzaji alimwambia sahani itaoza, naye hakutaka kuuliza zaidi, kwa kuwa oda zilikuwa zimerundikana. Ukweli ndio huo, hauna chumvi.

Sahani zilizovunjika zilifukiwa nyuma ya karakana. Baada ya miezi mitatu zilikuwa mboji nyeusi, laini. Mteja akitilia shaka, marehemu alimpa koleo atafute hata kipande kimoja. Hakipatikani. Basi mteja huondoka na ndoo ya mboji, zawadi. Majirani nao waligawiwa, na mboga za mtaa wetu zikastawi kweli.

Februari 2021 mwenye hoteli mmoja alipeleka sahani zetu kupimwa. Majibu yalisema dawa ile ni ya jamii ya kemikali ambazo haziozi. Sahani ilikuwa ikiisha, dawa ikibaki udongoni, na mboga zinaweza kuifyonza. Marehemu aliisoma karatasi mara tatu. Hakumkaripia mdogo wake, na heri angemkaripia. Alisema tu, "Wewe uliniambia mimi. Mimi ndiye niliyewapa watu."

Siku hiyo hiyo alisimamisha mashine. Miezi minne baadaye akatoa sahani nene zaidi, zilizokandamizwa kwa moto mkali, bila dawa yoyote. Zilianza kuvuja baada ya nusu saa. Wateja aliwaambia, "Hizi hazingoji umbea. Kuleni kwanza, ongeeni baadaye." Nusu yao walihama.

Juni 2022 aliugua figo. Daktari hakusema ni dawa ile, wala hakusema siyo. Akiwa mgonjwa alianza kupita nyumba kwa nyumba kuwaomba majirani wasile tena mboga za bustani zenye mboji yetu. Alifika nyumba kumi na moja, miguu ikakataa. Zilizobaki ishirini na sita aliziandika, akampa mdogo wake orodha.

Kila Jumapili alimuuliza, "Umefika wapi?" Mdogo wake alijibu, "Naendelea, dada." Hakwenda hata moja. Aliziogopa nyuso zenu. Marehemu aliaga dunia tarehe 3 Septemba 2023, saa nne asubuhi, akiamini nyote mmeambiwa.

Nyumba ishirini na sita hamkuambiwa. Mnaambiwa sasa. Msile mboga za bustani hizo, na udongo wake usihamishwe mpaka upimwe. Orodha imechapishwa ukurasa wa nyuma wa karatasi ya ratiba mliyogawiwa. Jana jioni bado watu walikuwa wakichuma mboga mtaani, wakizileta jikoni kwetu kusaidia msiba, na mdogo wake alizipokea akasema asante. Zipo jikoni. Hazitapikwa.

Marehemu ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watano, wafanyakazi tisa, na mdogo mmoja aliyemdanganya mara mbili. Mwenyezi Mungu ampumzishe kwa amani. Mdogo wake asipumzike kwanza. Ana nyumba ishirini na sita.