Bi Tryphena na Ukurasa Ulioandikwa Mara Kumi na Moja

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi, Bi Tryphena Wakesho anastaafu Ijumaa, tarehe 31 Julai 1998. Aliingia Ushirika wetu wa Maji hapa Voi mwaka 1967 akiwa mpiga taipu, na anaondoka akiwa karani mkuu. Mimi, Obadiah wa ofisi ya malori, nimepewa heshima ya kumsifu, ingawa najua ataisahihisha karatasi hii kabla wino haujakauka.

Kompyuta ilipofika mwaka 1994, wengi tuliiogopa. Mimi nilikaa mbali nayo mwezi mzima. Bi Tryphena aliivamia, na punde akaitungia makro: ukibonyeza vitufe viwili, barua za ratiba ya maji zinajiandika kwa kila kijiji. Tulishangilia mapema mno. Wiki ya kwanza jina la kijiji cha Miasenyi liliganda ndani ya makro, kila barua ikatoka nalo, na malori yote matatu ya maji yakaenda Miasenyi. Huko walifua hadi mapazia, na Sagalla wakalala na mitungi mikavu.

Hakumsingizia mtu wala mashine. Alipanda Sagalla kwa miguu kuomba radhi, kisha akaketi kuandika mwongozo, maana ule uliokuja na kompyuta hakuna aliyeuelewa. Hofu yake ilikuwa moja: siku asipokuwepo, watu wakose maji kwa sababu ujuzi umebaki kichwani mwake.

Alimkalisha Mzee Kituku, mlinzi wetu wa lango, mbele ya kompyuta na mwongozo, naye akakaa nyuma akiwa ameziba mdomo kwa leso. Kituku akikwama, hakuelezwa kitu; ukurasa ndio ulioandikwa upya. Ukurasa wa saba uliandikwa mara kumi na moja, na kila mara Kituku alidai chai. Sisi wengine tuliruhusiwa kufuta na kuongeza kwa penseli. Ukirudisha ukurasa safi, uliulizwa kama kweli umeusoma.

Mwezi uliopita alichukua likizo makusudi, akatukataza kumtafuta. Jumatatu alipanga foleni na ndoo yake kwenye tanki la Sagalla, roho juu. Lori lilifika asubuhi, pamoja na barua aliyoiandaa Kituku peke yake. Bi Tryphena aliisoma mara mbili akitafuta kosa, akalikosa, akalia kwa furaha mbele ya foleni nzima.

Asante, Bi Tryphena. Upumzike kwa raha, na tanki lako lisikauke. Kazini hatukuhitaji tena, kama ulivyotaka; ila chai ya saa nne, usikose kuja.