Tone Jekundu Kwenye Kamera ya Clementi

Sasa hapo spika ilipokata nilikuwa nimefika kwenye kamera. Lakini ngoja nisalimie tena: Mheshimiwa diwani, Padri wetu, mwenyekiti wa mtaa, wageni mliotoka Butiama na Bunda, na nyie majirani zangu wa Bweri, tumsifu Yesu Kristo. Mimi Mama Gati shule niliishia la nne, ila maneno sijawahi kuishiwa.

Huyu kaka yetu Clementi tunayemuaga leo, anayehamia Butiama, ametupiga picha miaka ishirini, ubatizo, harusi, misiba. Ile kamera yake kubwa ya lenzi hakuna aliyekuwaga anaigusa. Siku moja niliomba nijaribu, akaniambia, "Mama Gati, hii siyo jembe, kwamba kila mtu ashike." Nikamwambia jembe lenyewe wewe hulijui. Mke wake Judith alicheka mpaka akakaa chini.

Ndugu zangu, Judith alipofariki tulitafuta picha yao ya pamoja tuiweke mezani pale msibani. Tulifungua albamu, tukafungua kompyuta. Judith yupo, anaanika dagaa, anabeba wajukuu. Clementi hayupo hata kwenye moja. Angekuwepoje, na yeye ndiye mpigaji? Nani mwingine alikuwa anajua?

Clementi akaingia chumbani, akatoka na rangi ya kucha ya marehemu, akaweka tone jekundu kwenye kile kigurudumu cha juu, pale kamera inapojipangia mwanga yenyewe. Akaniita. "Zungusha mpaka hapa, bonyeza. Basi."

Hiyo kamera leo anatuachia jumuiya. Mniko wa studio ya picha amenung'unika, eti ikiwa rahisi hivi yeye atakula wapi, na mambo ya mwanga aliyasomea. Mniko mdogo wangu, harusi tutakuita wewe. Na anayetaka kujifunza, vitufe vingine vyote vipo, havijafutwa. Lakini hiyo sehemu ya wanaoanza ikimshinda anayeanza, walimtengenezea nani? Mtu anataka tu sura ya mama yake ibaki.

Kaka Clementi, ng'ombe wa Butiama wakupokee vizuri, na ukifika kule usi...

Eeh? Mugeta, mjukuu wake, ananiita huko mbele.

"Mama Gati, shuka, jua linaenda. Mzee Clementi ameshakaa, picha ya Judith kaipakata. Anakusubiri wewe na kamera."

Haya, nakuja. Asanteni kwa masikio yenu, jamani. Sogeleaneni.