Usipa Juu ya Hema la Wageni

Wasikilizaji wapendwa, Mbamba Bay nzima hajatokea kijana wa kuongea na watalii kama mimi, Sixbert wenu. Mzungu akikohoa tu, nakutafsiria. Ila leo tunamkumbuka Hildegardi, Mama Luisa, mwanika usipa, aliyetutoka wiki iliyopita. Mama Luisa, mwanika usipa, wale dagaa wa ziwa letu.

Alizaliwa Matiri, kwenye kahawa. Akaolewa huku ziwani. Serikali ilipofungua biashara kwa watu binafsi, akaanza kupeleka usipa sokoni Kitai mwenyewe. Kuogelea hakujifunza mpaka anafariki. "Samaki waje juu, mimi sishuki," alikuwa akisema.

Mwaka tisini na sita walikuja watalii wawili, Anneke na mumewe. Watu wema. Hawakutaka kumsumbua mtu wala kuharibu kitu. Hata taka zao waliziweka mfukoni. Wakatafuta mchanga mtupu, msafi, wakasimamisha hema pana, wakaingia majini.

Sasa sikilizeni. Ule mchanga ulikuwa mtupu kwa sababu Mama Luisa alikuwa ameufagia. Ndipo alipokuwa akianika. Mitumbwi ikashusha usipa. Wingu likaanza kusogea. Na mtaji wake wote ulikuwa kwenye yale mabeseni.

"Sixbert, wewe msomi, waambie wahame!"

Nikasogea ukingoni, nikamwaga Kiingereza changu chote. Anneke akanipungia mkono, akapiga mbizi.

"Umewaambia nini?"

"Wahame, mama."

"Mbona wanashukuru?"

Akaona nampotezea muda. Akatandaza vitenge juu ya hema, akaanza kumwaga usipa. Wabichi, wakanata. Nami nikasaidia kumwaga, mikono ikanuka mpaka jioni.

Anneke akatoka majini, akasimama, akaangalia hema lake.

"Samahani, mama. Tulidhani hapa hapana mtu."

Kwa Kiswahili, wasikilizaji! Kilichonyooka!

"Mngeuliza," Mama Luisa akamjibu. "Ukitaka kututunza, anza na kuuliza. Haya, shika beseni."

Wakaanika wote. Wingu likapita zake Malawi. Usipa wakakauka, wakalia kama majani makavu. Tukapumua, jamani. Na watalii waliofuata, kabla ya hema, walipita kwanza uani kwa Mama Luisa: "Shikamoo mama, tulale wapi?"

Pole zetu kwa familia. Nawe mgeni unayetusikiliza, ukiona mahali patupu, uliza ni pa nani. Tafakari hilo. Luisa, bintiye, ninaye hapa studio. Dada Luisa, neno la mwisho?

"Asante, kaka Sixbert. Mama amepumzika, tunashukuru. Ila wewe hukumwaga usipa. Ulikuwa ndani ya hema unakula biskuti za wageni. Mama alikuona unaingia. Ndiyo maana alianza kuanika upande wa mlango, usipate pa kutokea."