Hikmat Bishara wa Zifta, Mlezi wa Watoto na Vifaranga

Baba Kasisi, ndugu wa pande zote mbili, majirani wa nyuma ya soko la mboga, na ninyi mlioacha kazi zenu asubuhi hii mkaja, familia inawasomea maisha ya Hikmat Bishara Girgis kama yalivyokuwa, na inawaomba mvumilie mpaka mwisho, kwa sababu limo jambo moja ambalo limesemwa vibaya kwa zaidi ya miaka thelathini, na leo litasemwa sawasawa, mbele ya jeneza lake.

Hikmat alizaliwa tarehe 14 Machi 1956 mjini Mit Ghamr, ng'ambo ya mto, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa Bwana Bishara Girgis, muuza nyuzi na vifungo, na Bibi Rifka Habib, aliyefuga kuku, bata na bata mzinga juu ya paa kama wanawake wote wa mtaa ule, na ni huko juu ya paa, alikotumwa kila siku na makapi na mabaki ya mkate, alikojifunza kumshika kifaranga bila kumbana. Alisoma shule ya msingi ya wasichana ya mji huo kuanzia mwaka 1962, akaendelea na masomo ya kati, kisha akapata stashahada ya biashara mwezi Juni 1974, na mwalimu mmoja aliandika kwenye cheti chake kwamba ni msichana mwenye bidii na mbishi, naye alipenda kusema kwamba bidii alifundishwa, ubishi alizaliwa nao.

Tarehe 1 Septemba 1975 aliajiriwa ukarani katika ushirika wa pamba hapa Zifta, akawa anavuka daraja kwa miguu asubuhi na jioni, kiangazi na kipupwe, na hapo ndipo alipofahamiana na Nashid Tadros, mwalimu wa kemia wa shule ya sekondari ya wavulana, wakafunga ndoa Jumapili tarehe 25 Aprili 1982 katika kanisa la Mar Girgis, wakahamia ghorofa ya chini ya nyumba ya ukoo wa Tadros, ambayo ghorofa yake ya juu alikuwa akikaa Bibi Insaf, dada mkubwa wa Nashid, pamoja na mumewe na watoto wake.

Tarehe 12 Februari 1984 Hikmat alijifungua mtoto wa kiume, akaitwa Mina, na mtaa mzima ukaanza kumwita mama yake Mama Mina, na vitu vya karamu ya siku ya saba vilikuwa vimekwisha kununuliwa, chekeche jipya la kumtikisia mtoto, mishumaa, karanga na peremende, na kinu cha shaba cha kumtwangia sikioni asije akawa mwoga wa kelele za dunia, lakini Mina alifariki tarehe 17, siku mbili kabla ya karamu, na mama yake alikuwa amevuja damu nyingi kiasi kwamba madaktari walilazimika kumwondoa kizazi ili abaki hai. Peremende waligawiwa watoto wa mtaa. Chekeche na kinu viliwekwa juu ya kabati, na jina la Mama Mina likakoma siku ileile, kana kwamba nalo lilizikwa.

Wote mliomo humu mnajua desturi yetu, kwamba mwanamke aliyezika mtoto haingii kwa mzazi kabla ya siku arobaini, asije akamkausha maziwa, na kwamba jicho lake kwa mtoto wa mwenzake huogopwa hata kama mdomo wake unabariki. Mwaka 1985 Bibi Insaf alipojifungua mtoto wake wa mwisho, Hikmat alipanda ngazi na bakuli la mchuzi wa kuku, akakutana na wifi yake mlangoni, amesimama na mkono umeshika mwimo, akamwambia, "Wifi, usinielewe vibaya, mchuzi nipe, wewe mwenyewe ungoje arobaini ipite," naye Hikmat akajibu, "Basi na mchuzi nao ungoje, maana umepikwa na mkono huuhuu," akageuka, akashuka, akaula na mumewe. Hiyo ndiyo mara ya kwanza alipoikataa desturi hiyo. Wengi walidhani ni hasira za msiba, zitapita.

Hazikupita. Mwezi Agosti 1987 aliacha kazi ya ushirika kwa hiari yake, akakipaka chokaa chumba cha mbele, akatandika mikeka, akatangaza kwamba atalea watoto wa akina mama wanaokwenda kazini, na juu ya mlango akapigilia kibao alichokiandika kwa mkono wake, "Nyumba ya Mama Mina". Majira ya baridi yakaisha bila mtoto hata mmoja kuvuka kizingiti kile. Akina mama waliokuwa wakienda kiwanda cha nyuzi walipita upande wa pili wa njia, wakiwa wamewafunika watoto nyuso kwa mitandio, na mwezi Machi 1988 Bibi Insaf, akiwa ngazini na majirani wamejaa uani, alisema maneno ambayo kila mmoja wao anayakumbuka, "Aliyeshindwa kumvusha wa kwake siku saba, atawavusha wa watu? Mpeni hata kifaranga, mtaona kama kitafika juma."

Familia haiyarudii maneno hayo kwa chuki. Inayarudia kwa sababu Hikmat aliyachukua kama yalivyo, akayatimiza.

Wiki ile, kama kila mwaka Pasaka inapokaribia na watu wakijiandaa kwa Shamu Nesimu, sikukuu ya majira ya kuchipua, mchuuzi wa vifaranga alipita na baiskeli yake, kreti zimejaa vifaranga waliochovywa rangi, waridi, kijani, zambarau na samawati, wale majogoo ambao watotoleshaji wa mayai huwatupa kwa kuwa hawatagi, na hakuna mtu Zifta asiyejua mwisho wao, kwamba mtoto hununuliwa mmoja, humbana mchana kutwa, na kesho yake asubuhi mama humzungushia karatasi akaenda kumtupa. Hikmat alitoka nje, akachagua wengi, akiwaacha wale waliochangamka na kuwachukua waliolala chini ya wenzao, na mchuuzi akacheka, "Bibi, unachukua wagonjwa na wazima umewaacha," naye akamjibu, "Wazima hawana haja na mimi."

Hakuwaficha. Aliweka boksi la katoni juu ya meza, meza akaisogeza mpaka dirishani, pazia akaliondoa kabisa, na mtaa mzima ukawa unaona taa iliyofunikwa bati lililotobolewa matundu, mchanga uliochekechwa, kiini cha yai la kuchemsha kilichopondwa na makapi, na kisahani cha maji kilichojazwa kokoto ili mdogo asizame. Kifaranga aliyechafuka nyuma alimsafisha kwa pamba na maji ya vuguvugu, jua lilipohama alihamisha boksi, na asubuhi ya kwanza wawili walipokutwa wamekufa aliwaweka juu ya ukingo wa dirisha mchana kweupe, na mwanamke mmoja alipopita akasema, "Maskini, imeanza," Hikmat akamwambia, "Kuzika najua, mama, sikuhitaji kufundishwa. Njoo kesho uangalie kulea." Watu walianza kupita makusudi. Wanafunzi wa mumewe walitoka shuleni wakapitia dirishani, na wauza nyanya waliulizana kutoka kibanda hadi kibanda, "Wa zambarau bado yupo?" na jibu likawa yupo, kesho yupo, na keshokutwa yupo na ameota manyoya ya kwanza meupe chini ya rangi.

Siku ya saba Hikmat alipanda kwenye kiti akashusha chekeche na kinu kutoka juu ya kabati. Mumewe alimshikia kiti. Akafungua dirisha lote, akawaweka vifaranga ndani ya chekeche juu ya kitambaa cheupe, akawasha mishumaa, akanyunyiza chumvi kuanzia mlangoni mpaka mezani, akamkabidhi mumewe mchi, na kinu cha shaba kikalia mtaa mzima ukasikia, huku yeye akilitikisa chekeche polepole na kuyasema maneno yanayosemwa, isipokuwa pale ambapo watu humwambia mtoto kwa utani amsikilize mama, asimsikilize baba, yeye alipaza sauti kuelekea ngazini, "Msikilizeni mama yenu! Msimsikilize shangazi yenu!" Uani watu walicheka mpaka wakashikana. Wengine hawakucheka, walisema ni kufuru kumfanyia ndege karamu ya mtoto wa binadamu, na mmoja wao akamwuliza kama haogopi, naye akasema, "Niogope nini? Lililokuwa la kuogopwa lilikwishanijia."

Nje ya dirisha alikuwa amesimama Bibi Sabah, mama Mwislamu wa nyumba ya tatu, mfanyakazi wa zamu katika kiwanda cha nyuzi, amembeba mwanawe Ashraf ambaye alikuwa hajaanza kutembea, akatazama ndani ya chekeche kwa kitambo, kisha akasema, "Mama Mina, kama hawa waliopakwa rangi umewavusha, huyu wangu ambaye hakupakwa atakushinda?" na bila kuzunguka hadi mlangoni akampitisha mtoto dirishani, juu ya mishumaa, akamweka mikononi mwake. Kabla ya Shamu Nesimu walikuwa watoto watano, na mwaka uliofuata mikeka haikutosha.

Tangu hapo, kila majira ya kuchipua, vifaranga waliotupwa waliletwa katika nyumba ile, na kila mtoto alikuwa na wake, aliyefungwa uzi wa rangi mguuni, na kabla ya kujifunza herufi mtoto alijifunza kukinga kiganja wazi na kungoja apandiwe, kwa kuwa sheria ya Mama Mina ilikuwa moja tu, "Hakamatwi mtu hapa, mkubwa wala mdogo." Majogoo walipokua waliwika nyakati zote isipokuwa alfajiri, majirani wakalalamika, naye akawapelekea supu, na mtoto aliyeuliza supu ile imetoka wapi aliambiwa ukweli. Mwaka 1991 alihudhuria mafunzo ya malezi, akapata kibali, nyumba ikasajiliwa. Majira ya baridi ya 2006, homa ya ndege ilipoingia nchini na amri ya kutofuga kuku majumbani ikatolewa, aliwatoa kuku wote siku ileile bila ubishi, yeye mbishi, akiwaambia watoto kwamba kuku ni wapenzi wake lakini wao ndio dhamana yake, na Bibi Insaf aliposema kwamba sasa Mungu ameufunga mchezo, alimjibu, "Mungu amefunga boksi, wifi, mlango hajaufunga," na ruhusa ya kufuga kwa chanjo ilipopatikana boksi lilirudi dirishani.

Mwezi Februari 2017 iligundulika kuwa figo zake zimechoka, akaanza kwenda hospitali mara tatu kwa juma kusafishwa damu, na nyumba haikufungwa, kwa sababu wasichana wawili aliowalea mwenyewe walishika nafasi yake siku za matibabu. Hakwenda peke yake hata mara moja. Leo alisindikizwa na mmoja wa aliowalea, fundi wa vigae, kesho mwalimu wa michezo, keshokutwa mwanamke mjamzito aliyekaa mlangoni kwa sababu alikatazwa kuingia, na muuguzi mgeni alipomwuliza, "Bibi, huyu naye ni mwanao wa ngapi?" alijibu bila kufungua macho, "Sijamaliza kuhesabu, mwanangu, usiniharakishe." Alidhoofika kuanzia Oktoba mwaka huu, akapokea Komunyo nyumbani, akafariki Jumamosi tarehe 9 Novemba 2019, saa nne asubuhi, akiwa na akili zake zote, mumewe kando yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa chumba cha kusafishia damu, ambao walimvumilia alipowaelekeza namna ya kumchoma sindano, inamshukuru Baba Kasisi, majirani Wakristo na Waislamu waliopika tangu juzi, wenzake wa ushirika wa pamba waliokuja kutoka mbali wakiwa wazee, na watotoleshaji waliomletea kila mwaka walichokuwa wakikitupa.

Limebaki jambo la mlangoni. Jana, tangazo la msiba lilipokuwa likiandikwa, Bibi Insaf, ambaye yuko hapa na anaheshimiwa kama dada mkubwa, alitaka iandikwe kwamba marehemu hakuacha mtoto, akamwambia ndugu yake, "Na wewe Nashid, mlangoni utasimama na nani kupokea mkono wa pole? Huna mwana." Mumewe aliufuta mstari ule kwa kalamu yake, na anasimamia alivyofanya, kwa sababu si kweli. Marehemu amemzaa Mina, na amewavusha wengine ambao leo wamejaa viti vya nyuma na uani. Kwa hiyo mkitoka, mtamkuta Ashraf amesimama mkono wa kuume wa mumewe, mahali pa mwana, na baada yake wenzake, wanaume kwa wanawake, wa msalaba na wa msikiti, mpaka ukutani. Kila atakayetoa pole atawapa mkono wote, mmoja baada ya mwingine, kama ilivyo haki ya wafiwa, na anayeona kwamba haifai, mlango wa kando haujafungwa.

Pumzika, Hikmat, kwa amani uliyoipigania. Mlangoni wamejaa.