Mama Urudi na Balbu ya Taa ya Namba

Baada ya miaka thelathini na miwili na miezi minne ya utumishi, Mkaguzi Mwandamizi wa kituo chetu cha ukaguzi wa magari alistaafu rasmi Ijumaa iliyopita, tarehe 30 Juni. Jina lake kamili limo kwenye cheti atakachokabidhiwa leo. Sisi wenzake, pamoja na madereva wote wa mji huu, tunamjua kwa jina moja tu: Mama Urudi.

Jina hilo alijichumia mwenyewe. Kila ambaye gari lake lilikutwa na kasoro aliambiwa kwa upole kabisa, "Karekebishe, baba, halafu urudi." Hakupandisha sauti hata siku moja. Wapo madereva waliotamani afadhali agombe, maana mtu akigomba unapata pa kuanzia kubisha.

Alianza kazi dirishani, karani wa kupokea fomu. Dirisha lile lilitazamana na shimo la ukaguzi, na kwa miaka mitatu mkono wake uligonga mihuri huku macho yakiwa shimoni. Siku moja mkaguzi mmoja alishikwa na mgongo, foleni ikafika hadi barabarani, na karani akauliza kama anaweza kushuka kusaidia. Walicheka. Aliomba ruhusa ya masomo, akaenda chuo cha ufundi, akarudi na cheti cha umakanika, akashuka shimoni akiwa mwanamke wa kwanza kufanya hivyo katika kituo hiki. Ovaroli iliyokuwepo stoo ilikuwa ya mtu mrefu. Aliikunja mikono mara nne na kuivaa hivyo mwaka mzima, kwa kuwa mtunza stoo alikuwa bado "analishughulikia suala hilo".

Kumbukumbu zake za ukaguzi zilikuwa fupi na hazikuacha kitu. Katika faili la mwaka wake wa tano ipo fomu ya teksi moja ambayo, kwenye safu ya kasoro, imeandikwa: "Paka mmoja juu ya injini. Mzima. Ameondolewa." Teksi ilipita. Paka naye alibaki kituoni miaka sita.

Lakini kisa kinachostahili kusimuliwa leo ni cha gari lake mwenyewe, na mwandishi wa mistari hii anakijua vizuri kwa sababu ndiye aliyelifelisha.

Ilikuwa miaka kumi na moja iliyopita. Mwandishi alikuwa ametoka gereji alikofanya kazi miaka tisa, na alikuwa na wiki tatu tu hapa, katika kipindi cha majaribio. Ripoti ya kumthibitisha kazini ingeandikwa na Mama Urudi. Kwa kuwa mkaguzi haruhusiwi kukagua gari lake, alasiri moja mama huyo aliliingiza lake kwenye mstari kama raia yeyote na kumkabidhi fomu mwandishi, mkaguzi mgeni. Stika yake ya ukaguzi ilikuwa inaisha siku hiyohiyo. Kesho yake, alfajiri, alitakiwa kumpeleka mama yake mzazi mji wa pili kufanyiwa upasuaji wa macho, miadi waliyoisubiri miezi mitano.

Gari lilikuwa safi. Breki zilivuta sawasawa, tairi nzuri, usukani umekaa. Mkaguzi mgeni akazunguka nyuma na kuomba taa ziwashwe. Zote ziliwaka, isipokuwa kale kadogo kanakomulika namba ya gari. Akagonga kifuniko kwa kidole. Kimya. Akagonga tena, safari hii kwa kuomba. Kimya.

Kwa kweli alifikiria kuifumbia macho. Ilikuwa mchana kweupe, nani angejua? Kisha akasikia sauti yake ikisema, "Mama, taa ya namba haiwaki."

Mama Urudi akashuka garini. "Asubuhi ilikuwa inawaka," akasema.

Mgeni akakigonga kifuniko mara ya tatu. Haikuwaka.

"Ni balbu tu, mwanangu."

Mgeni akatazama viatu vyake.

"Na kesho namsafirisha mama, ana operesheni."

Hapo Mama Urudi akasita. Alikuwa ametamka, moja baada ya nyingine, sentensi zilezile tunazoambiwa kila siku na watu wa foleni. Vicheko vikaanza upande wa dirishani. Yeye hakucheka. "Andika," akasema. "Na uandike isomeke." Alipokabidhiwa fomu iliyogongwa "Haijapita", akabaki amesimama. "Mbona huniambii la kufanya?"

"Karekebishe, mama," mgeni akasema kwa shida, "halafu urudi."

Kituo kizima kikaangua kicheko, na safari hii hata yeye akatabasamu kidogo.

Tabasamu halikudumu. Alipopata balbu dukani, geti letu lilikuwa limefungwa. Kwa taratibu za wakati ule, aliyefelishwa alipanga foleni upya kesho yake, mkiani, na fomu mpya, iwe amefeli kwa breki au kwa balbu. Kuendesha gari lenye stika iliyokwisha hakutaka. Kumpigia simu mkuu wa kituo hakutaka pia. Basi alfajiri akampandisha mama yake, bibi wa miaka sabini na minane, kwenye basi, wakabadilisha njiani mara mbili, na bibi akawaeleza abiria wote walioketi karibu kwamba binti yake anafanya kazi mahali ambako wanamfelisha. Walifika zikiwa zimebaki dakika kumi. Upasuaji ulikwenda salama, na inasemekana kitu cha kwanza ambacho bibi alikilalamikia alipofunguliwa bandeji ni vumbi kwenye viatu vya binti yake.

Wiki nzima Mama Urudi hakumsemesha mgeni ila kwa mambo ya kazi. Jumatatu akamwita ofisini. Mgeni aliingia akiwa ameshaanza kupanga jinsi ya kumweleza mke wake. Akapewa ripoti yake asome. Kwenye nafasi ya maoni palikuwa na maneno mawili: "Anasema anachokiona." Chini yake, sahihi ya kumthibitisha.

"Siku ya kwanza nilikukasirikia wewe," alimwambia. "Siku ya pili nikajikasirikia mwenyewe. Siku ya tatu nikakumbuka ni watu wangapi nimewarudisha kwenye foleni ile kwa ajili ya balbu."

Akaanza kuandika barua. Alipendekeza kwamba gari lenye kasoro ndogo, kama balbu, fyuzi au mpira wa waipa, litengenezwe uani na kukaguliwa tena siku hiyohiyo bila kupanga foleni upya. Uongozi ukakataa, ukisema uani patajaa. Akaandika tena, ukakataa tena. Kila barua aliiambatanisha na nakala ya fomu yake iliyofeli. Ya tatu ilikubaliwa, miaka miwili baadaye, na leo nafasi sita zilizochorwa rangi ya njano pembeni mwa geti ndizo zinazowarudisha madereva wengi nyumbani na stika zao kabla ya jioni. Aliyeomba kulegezewa mambo makubwa, kama breki na usukani, alijibiwa vilevile kama zamani.

Nyumbani anamkuta mume wake, fundi cherehani, na watoto wawili ambao wote wanaendesha kwa uangalifu wa kupindukia. Anasema sasa atajifunza kukaa kiti cha abiria bila kusikiliza gari. Mume wake, atakayekuwa usukanini, hana matumaini makubwa.

Ijumaa ile, gari lake la mwisho lilikuwa pikapu ya muuza mbao, tairi moja limekwisha kabisa. Mwenye gari, asiyejua kwamba mkaguzi anastaafu baada ya dakika ishirini, alifoka kwamba kesho atakuja na atahakikisha hakaguliwi na yeye.

"Usijali," Mama Urudi akamjibu, akimrudishia fomu. "Kesho utamkuta mwingine. Ila tairi atalikuta lilelile."

Mama yetu, asante kwa miaka yote hii shimoni, na kwa kutufundisha kuangalia hadi nyuma ya gari. Nenda ukapumzike. Afya iwe nawe, familia iwe karibu nawe, na kila safari yako ifike salama.