Bendera kwenye Kioo cha Bosi

Benchi la kile kijiwe lina miguu mitatu ya mbao na mmoja wa tofali, na kila anayelikalia amelijua hivyo, kwa hiyo hakuna anayekurupuka kuinuka bila kuaga, maana atamwangusha mwenzake. Kushoto kwake kuna ndoo na mpira wa maji wa Povu, kijana muosha magari anayejiita Mkurugenzi, shule akiwa ameiachia njiani kwa maelezo kwamba ilikuwa inamchelewesha. Kulia kuna meza ya Daktari, ambaye hospitali huenda akiumwa tu, lakini simu alizopasua tumbo hazina idadi, na nyingi bado ziko wazi mezani zinasubiri kushonwa. Katikati ni Bi Birika na jiko lake la mkaa. Mbele yao, imeegeshwa kama mtu aliyenuna, teksi ya Mzee Gia, yenye bendera ya taifa kwenye kila dirisha tangu mashindano ya kandanda yaanze. Asubuhi hiyo, nyuma ya teksi, kulikuwa na gari jingine: kubwa, jeusi, linang'aa mpaka unaweza kunyolea ndevu ubavuni mwake. Nalo lilikuwa na bendera.

— Jana mmeona mambo? Povu alianza, akijifuta povu mikononi.

— Nimeona yote, akajibu Mzee Gia haraka, macho kwenye kikombe.

— Usinikumbushe, Daktari akasema. Mechi ngumu ile.

— Ngumu, Povu akakubali.

— Ngumu sana, Mzee Gia akafunga mjadala.

Povu akashusha pumzi. Alikuwa ametega sikio tangu alipofika, lakini hakuna aliyedondosha hata tone. Ukweli ni kwamba jana alibanana na majirani mbele ya televisheni mpaka dakika za nyongeza, timu zikiwa sare, halafu umeme ukakata mtaa mzima. Akarudi chumbani kwake akipapasa ukuta. Baadaye kidogo kelele zikapanda kutoka mbali, kwa wenye majenereta, lakini kelele za mbali hazina uso: huwezi kujua ni za shangwe au za kilio. Sasa angeuliza vipi? Yeye aliyekuwa akimpangia kocha kikosi kila jioni kwenye benchi hili? Simu yake yenyewe iko mezani kwa Daktari, utumbo nje, wiki ya pili.

— Kwani walimaliza saa ngapi? Bi Birika akauliza. Mimi mwenzenu nilishalala.

— Bi mkubwa, hebu miminia watu kahawa, Daktari akamkatiza. Hapa kuna jambo kubwa zaidi. Povu, ile bendera kwenye gari la watu imefuata nini?

Hapo ndipo Povu alipopanda chati. Akaeleza kwamba msimu huu kila anayeosha gari kwake anaondoka na bendera, bure, zawadi ya Mkurugenzi. Kwamba dereva wa gari hili alilileta asubuhi mapema, akasema bosi wake yuko kwenye kikao ghorofani pale ng'ambo. Kwamba bosi anatafuta mtu wa kuosha magari yote ya ofisi, na akishuka atakuja mwenyewe kukagua kazi.

— Magari yote ya ofisi, Povu akarudia, taratibu, kama mtu anayelamba sukari. Nitaajiri. Daktari, nitakupa kitambaa, uwe unafuta matairi.

— Na bosi aliomba bendera? Daktari akauliza.

— Zawadi haiombwi.

— Mungu wangu. Mzee Gia akaweka kikombe chini. Kijana, umemtukana mtu mzima.

— Nimemtukana? Mzee wangu, wewe unazo nne!

— Mimi ni mimi. Mimi nisipoweka bendera, nani atajua nipo? Mtu kama yule, gari lenyewe ndiyo bendera yake. Na nikuulize, magari makubwa meusi yenye bendera ni ya nani?

— Ya... mawaziri.

— Na mabalozi. Sasa mtu na fedha zake hakupata uwaziri, pengine aliutafuta, pengine alishashona na suti. Halafu wewe, na hivyo vindala vyako, unambandikia bendera atembee nayo mjini! Unamwambia nini, kama si kumzomea?

Povu akalitazama gari. Ile bendera, iliyokuwa inapendeza dakika chache nyuma, ikaanza kumkonyeza vibaya.

— Hilo dogo, Daktari akaingilia, akiinua bisibisi kama mwalimu na chaki. Mnajua kwa nini wakubwa hawaweki bendera? Kile kibanio cha bendera kinakaa juu ya kioo, sivyo? Kioo hakizibi sawasawa. Baridi ya kiyoyozi inatoka. Mwenye kiyoyozi kizima hawezi kuruhusu. Kwa hiyo gari lenye bendera ni gari linalotangaza: jamani, kiyoyozi changu kimekufa.

— Mimi changu kimekufa kweli, Mzee Gia akasema kwa fahari.

— Unaona? Sasa Povu amemtangazia bosi msiba ambao haujatokea.

— Acheni zenu, Povu akasema, lakini sauti ilishapungua unene. Nchi ni yetu wote. Mkubwa na mdogo tunashangilia pamoja.

Daktari akacheka mpaka benchi likatikisika na wote wakalishika.

— Pamoja na nani, mwanangu? Wale wana nchi ya akiba! Mtu ana nyumba hapa, ana nyumba kule, watoto wanasoma kwingine. Anasubiri kwanza aone nani anabeba kombe, ndiyo aamue yeye ni raia wa wapi. Wewe umeshamchagulia!

— Na polisi wa barabarani, Mzee Gia akaongeza, akipata moto. Mimi matairi yangu yameisha, yako kama upara wangu huu. Tangu niweke bendera hakuna aliyenisimamisha. Wananionea huruma: huyu maskini, lakini anaipenda nchi. Sasa wakiona gari kama lile lina bendera, watasema nini? Huyu anaficha kitu! Watamsimamisha kila kona. Watafungua buti. Watafungua na buti la akili yake.

— Nasikia pia bendera inaongeza ulaji wa mafuta, Daktari akasema kwa sauti ya chini, akitazama huku na huku. Upepo ule unavuta gari nyuma. Wenye vituo vya mafuta ndio wanaozigawa. Wakubwa walishaambiana zamani. Sisi ndio tunabaki kupepea.

— Kwani timu ikitolewa, bendera mnazitoa au zinabaki? Bi Birika akauliza, akipuliza makaa.

— Mama, usituchanganye, Mzee Gia akasema. Hapa tunaongea mambo ya nchi.

Povu alikuwa ameshasimama. Akalizunguka gari, akaishika ile bendera, akavuta. Haikusogea. Akavuta tena, kwa adabu. Akarudi kwenye benchi uso umemshuka.

— Nini tena? Mzee Gia akauliza.

— Nilipoibana, kioo kilikuwa chini kidogo. Dereva akabonyeza ufunguo kwa mbali, bila hata kugeuka, kioo kikapanda kikang'ata kibanio. Halafu akaenda na ufunguo kunywa chai.

Likapita gari dogo lenye bendera mbili, bila kupiga honi. Povu akalisindikiza kwa macho. Kama tungeshinda si wangekuwa wanapiga honi? Au honi zilikwisha usiku?

— Ikate, Daktari akashauri. Kijiti cha plastiki tu kile. Mkasi ninao.

Povu akapokea mkasi. Alikuwa ameshaupanua mkasi kwenye kijiti, ndipo Daktari yuleyule akapiga kelele:

— We! Unakata bendera ya taifa? Hadharani?

— Si umenipa mkasi wewe?

— Nilikupa kama rafiki. Sasa nakuonya kama raia. Wakikukamata watakuuliza nani alikutuma, na mimi sitaki kutajwa.

— Bosi huyo, Bi Birika akasema.

Mtu alikuwa anavuka barabara: suti ya kijivu, mkoba kwapani, simu mkononi, tai ameilegeza. Povu akarusha mkasi kwenye ndoo ya povu. Wote wakasimama kwa mpigo mmoja, na benchi, lililozoea mizani, likaanguka chali.

— Shi... Mzee Gia akaanza, akiinama.

— Shikamoo mzee, bosi akamuwahi.

— Ma... marahaba, mwanangu, Mzee Gia akasema, na kwa mshangao wa kuitikia badala ya kuamkia, akavua kofia.

Bosi akalizunguka gari lake. Akapitisha kidole kwenye boneti, akakitazama kidole, akaridhika. Halafu akafika kwenye kioo cha nyuma, akasimama.

— Nani ameweka hii?

— Ni huyu, Daktari akasema kabla swali halijatua. Sisi hatumjui vizuri.

— Ni mimi, bosi, Povu akasema. Alitaka kuongeza kwamba ni zawadi ya Mkurugenzi, lakini ukurugenzi ulikuwa umezama ndooni pamoja na mkasi.

Bosi akaitazama bendera. Akamtazama Povu. Akawatazama wote, mmoja mmoja, kisha akasogea karibu, kama mtu anayetaka kukopa.

— Hebu niambieni. Jana tulishinda?

Daktari akainama kulisimamisha benchi.

— Nauliza kwa sababu kama tulishinda, naingia nayo ofisini kifua mbele. Nitakuwa nimewawahi wote. Lakini kama tulitolewa, nikafika pale getini inapepea, watanicheka mpaka nistaafu. Nyie ndio wenyewe, watu wa kijiweni hamkosi habari. Ilikuwaje?

Magari yote ya ofisi yalimpitia Povu kichwani kwa foleni. Akisema tulishinda, na ikawa tulitolewa, bosi atachekwa, na yeye hataona hata tairi la akiba. Akisema tulitolewa, na ikawa tulishinda, ni yaleyale.

— Bosi, ile mechi, akaanza.

— Ndiyo?

— Ilikuwa ngumu.

— Najua ilikuwa ngumu. Iliishaje?

— Mzee wangu hapa ameona yote.

Mzee Gia akaikunja kofia yake mara mbili.

— Niliona yote, akasema. Mpaka pale niliposinzia.

— Daktari? Povu akauliza.

— Umeme, bosi.

Bosi akaitazama meza ya Daktari, simu zilizolala kwa mistari.

— Na simu zote hizi, hakuna hata moja inayowaka?

— Zote ziko chini ya uangalizi maalumu.

— Na yako je, baba? Bi Birika akamuuliza bosi.

— Imeisha chaji. Bosi akaitikisa kama kiberiti kitupu. Na huko juu sikuweza kuuliza. Jana niliaga kikaoni mapema, nikawaambia naenda kuwaangalia vijana wetu. Nikalala kwenye kochi na viatu. Leo kwenye kikao nikatega sikio, wapi! Meza nzima, kila mtu anasema ameona. Ukiwasikiliza, kauli yao moja tu: ilikuwa ngumu.

Povu akamtazama yule mtu, suti, tai, usingizi uliobaki kwenye kona ya jicho, na mdomo wa Povu mwenyewe, ambao haukuwahi kulitoa neno lile mbele ya benchi lile, ukalitoa.

— Sijui, bosi. Umeme ulikata tukiwa sare. Tangu asubuhi nawavizia hawa waseme, hawasemi.

— Povu! Mzee Gia akahamaki, kama aliyevuliwa shati.

— Afadhali wewe, bosi akasema.

Dereva alikuwa amefika mbio, mdomo unang'aa mafuta, akafungua milango. Povu akanyoosha mkono aing'oe ile bendera, lakini bosi akamzuia. Akaingia nyuma, akabonyeza kitufe. Kioo kikashuka taratibu, na bendera ikashuka nacho, mpaka katikati. Akaachia.

— Nusu mlingoti, akasema kutoka ndani. Ikae hapo mpaka tupate taarifa.

— Na yale magari ya ofisi, bosi?

— Umeosha vizuri. Niletee matokeo ofisini kabla sijashuka garini, tutaongea. Nitazunguka kwanza nikaweke mafuta. Lakini ya kweli! Usiniletee ngumu.

Gari likaondoka, baridi yake yote ya kiyoyozi ikimwagika barabarani.

— Bi Birika, nipe moja ya haraka nikimbie, Povu akasema, akifunga ndala kamba.

Bi Birika akainamisha birika. Likatoa tone moja, likaishia hapo.

Nyuma yao Mzee Gia, baada ya kufikiri sana, alikuwa amekwenda kwenye teksi yake kushusha vioo nusu, naye asionekane hana msimamo. Akazungusha hendeli ya kwanza, ikamng'okea mkononi. Akajaribu ya pili. Kioo kikagoma, hakijashuka tangu kilipopandishwa. Bendera zote nne zikabaki juu kabisa, zikipepea kwa furaha au kwa msiba, hapo kila mtu achague.

Povu alishafika kwenye makutano ya barabara, penye foleni. Akaliendea gari la kwanza lenye bendera, akagonga kioo kwa kucha. Mwenye gari akakishusha kidogo, bendera ikainama.

— Kaka, samahani. Jana tulishinda?

Yule mtu akatikisa kichwa kwa uchungu, au kwa raha, haikueleweka, akatia gia.

— Aisee, akasema, ilikuwa ngumu!